Kilima cha Kutazamia Korongo

Mimi nimechoka na wazungu, nasema wazi. Si kwamba ni watu wabaya, hapana. Wanasema asante kwa kila kijiko unachowapa. Lakini kumpikia mtu anayekula kidogo na kuuliza sana ni kazi inayoingia mpaka kwenye mifupa. Huyu hali nyama, yule hali yai, mwingine anataka chai ya rangi, wakati maziwa yenyewe nimezunguka boma kwa boma toka alfajiri kuyatafuta. Jioni mgongo unawaka, macho yamejaa moshi, na bado unatakiwa utabasamu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa wa kwetu walikaa wiki na jembe hawakuliona.

Kazi yenyewe niliikubali kwa ajili ya sukari na sabuni. Wenye umri wangu wanakumbuka miaka ile ya uhaba. Duka la ushirika pale Mogitu lilibaki na rafu na vumbi, ukiuliza sabuni muuzaji anakucheka. Kampuni ya Arusha iliyoleta watalii ilikuwa na sukari. Kiongozi wao wa msafara alikuwa Hermani, mtoto wa mama yangu mdogo, aliyesoma seminari akaacha kabla ya upadri, Kiingereza kikambakia. Yeye ndiye aliyeniita. "Dada Letisia," alisema, "utapika tu. Hakuna kingine." Hakuna kingine! Nimechota maji, nimepasua kuni, nimefua soksi za watu wazima wenye mikono miwili.

Msafara ule ulikuwa hivi. Kwanza wanapanda mlima Hanang, wanashuka na malengelenge. Halafu tunapiga kambi kando ya ziwa Basotu, wanatazama viboko. Halafu Landrova inawapeleka kwenye tambarare ya ngano kutazama korongo weupe. Na hao korongo, jamani, mnajua wanatoka wapi? Wanatoka kwao! Wanajenga viota juu ya mapaa ya nyumba za Ulaya, baridi ikiingia wanaruka mpaka kwetu, wanatua kwenye mashamba ya serikali na kufuata trekta, wakiokota panzi na panya waliofukuliwa na plau. Wazungu nao wanapanda ndege kuwafuata. Nikamwuliza Hermani, kwa nini wasingoje tu nyumbani, kwani korongo si watarudi? Akaniambia nipike.

Siku ya pili ya kambi ya Basotu, mchana, nilikuwa nimeinamia mafiga napuliza moto uliokataa kuwaka. Nikasikia mtu amesimama nyuma yangu.

"Shikamoo, mama."

Nikageuka. Alikuwa mwanamume wa Kibarbaig, kijana wa miaka thelathini na kitu, shuka begani, fimbo mkononi, miguu imejaa vumbi mpaka magotini. Ametembea sana, ilionekana.

"Marahaba. Maziwa umeleta?"

"Sina maziwa. Hili gari linaingia shambani?"

"Shamba gani?"

"La serikali. La ngano."

"Kesho linaingia. Wana kibali cha meneja. Kwa nini?"

"Nataka kazi," alisema. "Kazi yoyote inayopanda gari."

Nilicheka, Mungu anisamehe. Mchungaji wa ng'ombe anatafuta kubeba mizigo ya watalii! Nikamwambia, "Nyie Wamang'ati mmeanza lini kuwa vibarua? Ng'ombe wako wamekufa wote?"

"Mbarbaig," alinisahihisha, bila hasira. "Ng'ombe wapo. Wachache."

Jina lake Gidabuday, na mimi nikamwambia aniite Mama Basili, kwa jina la mwanangu. Hermani alimchukua siku hiyo hiyo, kwa sababu mbebaji wetu alikuwa amelala na homa, na ile darubini kubwa ya miguu mitatu ilikuwa nzito kama ndama. Hakuuliza mshahara. Hapo nikajua kuna jambo, maana mimi mwenyewe niliuliza sukari kabla ya kuuliza habari za nyumbani.

Jioni, jua bado lipo, alikaa karibu na moto wangu akinisaidia kumenya viazi. Alimenya vibaya, nusu ya kiazi inaenda na ganda. Nikamnyang'anya kisu.

"Haya sema," nikamwambia. "Unatafuta nini huko shambani?"

Alipangusa mikono kwenye shuka. Halafu akasema, "Baba yangu yuko huko."

"Anafanya kazi?"

"Amezikwa."

Basi nikaweka kisu chini. Sisi Wairaqw tumekaa na Wabarbaig muda mrefu, tumepigana, tumeoana, tumepunjana mnadani Katesh, na mambo yao makubwa tunayajua. Mzee mwenye heshima kwao hazikwi halafu ikaisha. Wanajenga juu yake kilima cha udongo na miti, wanakiita bung'ed. Ukoo mzima unakuja, wanapandisha udongo miezi na miezi mpaka kinampita mtu urefu, na siku ya mwisho ni sherehe ambayo watu wanaisimulia miaka. Baada ya hapo yule mzee ana mahali pake. Mtoto akipita anasimama, anang'oa majani mabichi, anayaweka chini ya kilima, anamsalimia, anamweleza habari za nyumbani. Hakuna anayepanda juu. Anayepanda ni mtoto wa kiume peke yake, siku ile ya kumalizia, basi.

"Shamba lilipokuja wakatuhamisha," alisema Gidabuday. "Sasa tuko huku Balangdalalu. Tukiingia na ng'ombe tunakamatwa. Tukiingia bila ng'ombe tunaambiwa tumekuja kuiba. Mwaka juzi nilijaribu, nikapigwa, nikalala mahabusu. Na watu wanasema matrekta yanalima makaburi. Wanalaza kilima, wanapanda ngano juu."

"Nimesikia hayo," nikasema.

"Mama yangu anaumwa. Hainuki tena. Kila asubuhi ananiuliza kitu kimoja tu, mume wangu yupo au wamemlima? Mimi sijui nimjibu nini. Ndugu zangu wanasema nimdanganye, niseme yupo. Lakini mama ananijua. Akinitazama usoni anajua." Akaokota ganda la kiazi, akalitupa kwenye moto. "Hataki kufa kabla hajajua. Anasema, kama baba hana mahali, yeye atakwenda wapi?"

 Mimi mama yangu amezikwa nyuma ya kanisa pale Mogitu, nikitaka naenda Jumapili nang'oa magugu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, kweli, lakini jioni ile niliuhisi uzito kidogo.

Asubuhi nilimvika koti kuukuu la Hermani na kofia ya kampuni, ili walinzi wasimtambue. Alionekana kituko. Kofia ilimkaa juu ya kichwa kama sufuria, nikacheka, na yeye akacheka, ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho nilipoona meno yake. Hermani hakuambiwa kitu. Ni mtu mwema, lakini mdomo wake hauna mlango.

Kwenye geti la shamba mlinzi aliinua mti kabla gari halijasimama. Aliwapigia wazungu saluti, akasema karibuni sana, akawapungia mkono. Gidabuday alitazama miguu yake. Gari likapita. Mh! Mtu amepigwa kwa kuingia kwenye ardhi aliyozaliwa, na watu wa kutoka ng'ambo wanafunguliwa kwa saluti. Nilikasirika mpaka nikauma ulimi, lakini nilikuwa na kapu la chakula mapajani na nilitakiwa kulinda mayai.

Ndani ilikuwa nchi nyingine. Ilikuwa Februari, wakati wa kulima. Udongo umefunuliwa pande zote, hakuna mti, hakuna boma, hakuna njia ya ng'ombe. Ardhi tupu mpaka inapokutana na mbingu. Korongo walikuwa kule mbali, weupe, mamia, wakitembea nyuma ya matrekta kwa mwendo wa makarani. Wazungu wakaanza kupiga kelele za furaha. Gidabuday hakutazama korongo. Aliegemea dirisha akatafuta, na midomo yake ilikuwa inatembea. Nadhani alikuwa anahesabu mahali palipokuwa na boma la nani, na kisima cha nani.

"Hapa palikuwa na kimoja," alininong'oneza. Palikuwa na udongo uliolimwa tu. "Na pale." Pale pia, udongo.

Halafu alinishika mkono. Alinishika kwa nguvu mpaka nikasema aah.

"Kipo," alisema. "Mama Basili, kipo! Ni kile!"

Nikaona. Mbele yetu, katikati ya tambarare iliyolimwa, kilikuwa kimesimama kilima kimoja cha mviringo, majani yameota juu yake, na mistari ya plau imekizunguka vizuri kama maji yanavyozunguka jiwe.  Machozi yalimtoka Gidabuday, hakuyafuta. Na mimi nilifurahi, sioni haya kusema, nilifurahi kama amefufuka mtu wa kwetu. Nikasema kimoyomoyo, asante Mungu, huyu mama atakufa kwa amani.

Gari likaenda moja kwa moja kwenye kile kilima. Likasimama chini yake.

Hermani akashuka, akafungua milango, akasema Kiingereza chake, na nilichokielewa ni kwamba hapo ndipo mahali penyewe. Wazungu wakashuka. Mmoja akachukua darubini kutoka mapajani mwa Gidabuday, akasema asante. Wakaanza kupanda. Watu wazima na viatu vyao vya mlimani, wakishika majani ya kilima ili wasiteleze. Wakafika juu. Yule mwenye darubini akachomeka miguu yake mitatu kwenye udongo, akaikandamiza kwa kisigino ili ikae sawa.

Nikamfuata Hermani nikamvuta shati. "Wewe! Umezaliwa Mbulu wewe! Hujui hiki ni kitu gani?"

"Dada, taratibu."

"Umewaambia ni nini?"

Akatazama pembeni. "Nimewaambia ni kichuguu cha zamani."

"Kichuguu! Hermani!"

"Nikisema ni kaburi hawatapanda," alisema kwa sauti ya chini. "Wasipopanda hawaoni kitu. Tambarare yote hii hakuna mahali pengine pa juu. Dada, tandika chakula, watu wana njaa. Tandika kule juu, wanapenda upepo."

Nilimwambia chakula changu hakipandi kaburi la mtu, nikatandika kitambaa juu ya boneti ya gari, na asiyetaka ashinde njaa.

Gidabuday alikuwa ameshuka. Ile kofia ameivua. Alisimama mbele ya Hermani na kusema neno moja tu, "Washushe."

Hermani alimtazama, kisha akanitazama mimi, na hapo akaelewa. Uso ukamshuka. "Ni wa kwenu?"

"Ni baba yangu. Washushe."

Sijui Hermani angefanya nini. Wakati ule ule trekta lilikuwa linakuja, korongo nyuma yake, na wazungu juu wakawa wanapiga picha bila kupumua. Trekta likasimama karibu nasi. Dereva akaruka chini, akapangusa vumbi usoni, kumbe ni Nikolausi, shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Alikuja kuomba chai. Mtu mwenyewe amechoka mpaka anayumba, maana msimu wa kulima wanakaa juu ya zile mashine toka kucha hadi kuchwa.

"Shemeji, na wewe umeletwa kutazama ndege?" alinitania. Nikampa chai. Akaona nimenuna, akaona tunavyokitazama kilima. "Ah, hicho. Hicho kina bahati. Vingine vyote tumevilaza, hicho meneja alisema tukizunguke."

"Kwa nini?" aliuliza Gidabuday.

"Kwa sababu ya hawa," alisema Nikolausi, akaonyesha juu kwa kikombe. "Wageni wanakipenda. Hata wakubwa wakija kukagua shamba wanapandishwa hapo, wanaonyeshwa ngano ilivyotanda. Siku wageni wakiacha kuja, wiki hiyo hiyo nitaambiwa nikilaze. Mwaka jana walichelewa kidogo, nikaambiwa niandae plau. Nikasema mzee, ngoja, nasikia wako Katesh."

Alisema hivyo bila ubaya, kama mtu anayeeleza habari za mvua. Halafu akamtazama Gidabuday vizuri, akaona fimbo, akaona masikio yaliyotogwa Kibarbaig, akaona lile koti lisilo lake. Kikombe kikasimama njiani.

"Ni mtu wako?" aliuliza.

Gidabuday aliinua uso, akakitazama kilima.

"Pole, ndugu yangu," alisema Nikolausi. "Mimi ni dereva tu." Akanirudishia kikombe na chai yake nusu, akapanda trekta lake, akaondoka. Korongo wakaondoka naye.

Tukabaki sisi watatu chini ya kilima, na wazungu juu yake wakicheka. Hermani akasema, "Nikiwaambia sasa hivi watashuka. Ni watu wa heshima, wataomba radhi, wengine watalia. Na wakifika kwao watawaandikia wenzao kwamba pale msiende. Niwaambie? Sema wewe. Ukisema niwaambie, nawaambia."

Alikuwa anasema kweli, na ndiyo iliyoniudhi zaidi. Ningependa adanganye, nimtukane nipumue. Nilimtazama Gidabuday. Nilitaka aseme ndiyo. Nilitaka apande na fimbo yake awashushe wote, na mimi ningempisha. Halafu nikamfikiria yule mama aliyelala kwenye ngozi yake ya ng'ombe kule Balangdalalu, na plau la Nikolausi. Nikajisikia nimechoka mwili mzima, kuchoka ambako hakuponi kwa usingizi.

Gidabuday alisogea mpaka kwenye kilima. Akainama ukingoni, pale plau lilipoishia, akang'oa majani mabichi, akayaweka chini ya kilima kama inavyotakiwa. 

Sasa, kati ya wazungu wale alikuwapo bibi mmoja mzee, mwenye mkongojo, mvi tupu. Magoti yake yalikuwa yamekwisha. Mlima Hanang hakuupanda, alibaki kambini na mimi, akijaribu kunifundisha kufuma. Wenzake walipopanda kilima yeye aliachwa chini, akazunguka huku na huku akitafuta pa kupitia. Hakujua lolote. Alimwona Gidabuday amesimama, kijana mwenye nguvu, na akatabasamu, akamnyooshea mkono, akaonyesha juu.

Hermani akafungua mdomo. Nikamkanyaga mguu.

Gidabuday alitazama ule mkono. Ulikuwa mkono wa kizee, una madoa, unatetemeka kidogo, na umebaki pale hewani ukingoja. Akavua viatu vyake vya matairi, akaviweka pembeni, kimoja kando ya kingine. Akasema maneno kwa lugha yao, akikielekea kilima, sauti ya chini kabisa. Kibarbaig changu ni cha mnadani, cha bei ya mbuzi. Nililishika neno la baba, mengine yalinipita. Kisha akamshika yule bibi mkono, mkono wa pili akamwekea mgongoni, akampandisha. Hatua, wanapumzika. Hatua, wanapumzika. Alimchagulia mahali pa kukanyaga. Walipofika juu bibi akawaona korongo, akapiga makofi kama mtoto, na Gidabuday akasimama nyuma yake amemshika viwiko asianguke. Alikuwa amefumba macho.

Hermani alienda nyuma ya gari. Nilimsikia anapenga kamasi. Mimi nililia palepale juu ya mayai, sikujificha.

Kurudi hakuna aliyesema neno kati yetu. Wazungu walisema vya kutosha.

Kambini Gidabuday alinirudishia koti, amelikunja vizuri. Hermani alimletea mshahara na blanketi juu yake. Blanketi alilikataa, mshahara akaupokea bila kuutazama. Nilimfungia viazi vya kuchemsha na sukari kidogo ya mgonjwa, kwenye kitambaa. Sikuweza kumwacha aende bila kumwuliza.

"Pale chini, ulimwambia nini baba yako?"

"Nilimwambia huyu ni mama mzee, magoti yanamwuma. Amvumilie."

"Na wale wengine?"

"Wale wengine pia."

"Na mama yako utamwambia nini?"

"Nitamwambia yupo. Nimemwona kwa macho yangu, ana majani mazuri juu. Ataniuliza kama nimemsalimia, nitasema nimemsalimia." Akafunga kile kitambaa kwenye fimbo yake, akafungua, akafunga tena. "Ataniuliza kama nilikuwa peke yangu. Nitasema hapana, tulikuwa wengi."

"Atakutazama usoni," nikamwambia.

"Ndiyo. Na vyote ni kweli."

Nikamwambia aende salama, awasalimie wa nyumbani. Akapiga hatua chache kuelekea njia ya Balangdalalu, halafu akasimama. Hakugeuka.

"Mama Basili, mwakani watakuja?"

"Sijui, mwanangu. Petroli hakuna, na wageni wenyewe wanapungua. Hermani anasema labda kampuni itafunga."

Alihamisha fimbo bega la pili.

"Mwambie awalete," alisema. "Mwambie awadanganye vyovyote. Awalete wengi, wapande. Hata kama korongo hawapo."